Sura ya Kumi na Moja ya Mwalimu Chelagat

Mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu pale ofisini, mkasema iwe fupi na isiwe mahubiri. Nitajaribu. Ni mwezi wa nne sasa tangu nistaafu, na bado naamka moyo ukinidunda kwamba nimechelewa, kisha nakumbuka kwamba wanaonisubiri ni kuku tu. Naandikia mezani jikoni, hapa kwangu Dundori, sufuria ya viazi ikichemka. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa, kwa kuwa vyeo havikuwepo na mshahara mnaujua.

Nilipanda zile ngazi mara ya kwanza nikiwa na cheti cha taipu ndani ya bahasha na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Ofisi ilikuwa palepale ilipo sasa, juu ya duka la vitambaa, ila mahali penye kompyuta zenu palikuwa na taipureta tatu nzito kama mawe ya kusagia. Mwenye ofisi, Mzee Kantilal, hakuifungua bahasha. Aliomba nimwonyeshe mikono.

"Mkono ya shamba," akasema. "Nguvu iko. Sasa enda kwa Madam."

Madam alikuwa Teresia, mpiga taipu mkuu, mama mfupi aliyevaa sweta la kijani mwaka mzima. Aliweza kupiga ukurasa kutoka juu hadi chini huku akikusimulia harusi ya jirani yake, na asikosee. Aliniweka kwenye taipureta mbovu kuliko zote, ambayo herufi ya k ilikuwa imelegea, na mnajua Kiswahili kinavyoipenda herufi hiyo. Kidole changu kiliota sugu kabla ya mwezi kuisha.

"Usisome," aliniambia saa ile ya kwanza. "Wewe ni wa kupiga. Macho ione, vidole ifuate, akili iende zake ikunywe chai. Ukianza kusoma utaanza kumsaidia mwenye kitabu, na hakuna mtu amekuomba usaidizi."

Nilidhani ni ukali tu. Baadaye nikaelewa: anayesoma hukimbilia mbele kutafuta kitakachotokea, na kidole kinaruka mstari. Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba chakula hakikai kwenye meza yenye karatasi za mtu. Nyinyi mnaopiga wasifu na barua za kuomba kazi siku nzima huenda msione ugumu wa sheria hiyo. Subirini niwaeleze wateja wetu.

Nakuru ina watu wanaoandika riwaya wengi kuliko mnavyodhani. Alikuja karani wa reli kutoka Longonot na mapenzi yasiyokwisha. Alikuja nesi na hadithi ya uchawi, akaniomba nisimwambie mchungaji wake. Alikuja fundi seremala, Sikh mmoja mpole sana, na mambo ya upelelezi ambamo watu walikufa kila baada ya kurasa chache. Hawakuwa na ndoto ya kuuza madukani. Waliandika baada ya kukamua ng'ombe au kufunga duka, katika madaftari ya shule yaliyofungwa kwa mpira ndani ya mfuko wa plastiki. Walichotaka ni nakala chache zilizopigwa vizuri na kubanwa ubavuni, wampe mke, dada na rafiki mmoja wa kweli.

Na hawakuja mikono mitupu. Nadhani ilikuwa aibu. Kumpa mgeni riwaya yako ni kama kuvua shati mbele yake, kwa hiyo unampa kwanza kitu ambacho una hakika nacho. Fundi seremala alileta achari ya ndimu ya mama yake, iliyoanikwa juani juu ya paa mpaka ganda likawa laini. Nesi alileta jemu ya plamu za Molo. Karani wa Longonot alileta uji wa wimbi uliochachuka vizuri kwenye mtungi mdogo, akasimama pale mpaka nimalize kikombe. Hata mimi, mzaliwa wa Dundori, nililetewa viazi vya Dundori, nikavipokea kwa mikono miwili. Sikuwahi kuona uhusiano wowote kati ya utamu wa jemu na utamu wa riwaya, lakini niligundua kwamba ukisifu jemu, mtu anakwenda nyumbani akiamini umesifu riwaya. Mlichukue hilo, litawasaidia.

Madam Teresia alistaafu akarudi kwao Longonot, taipureta zikauzwa kwa mtu wa vyuma, kompyuta zikaingia. Mimi nikawa ndiye Madam. Nilizishika sheria zake zote mbili, ile ya kwanza kwa uaminifu, ile ya pili kadiri nilivyoweza.

Mwalimu Chelagat alikuja katika miaka hiyo ya kompyuta. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Rongai, mrefu, aliyenyooka kama yuko mbele ya darasa, na alikuwa ameandika riwaya yake yote kwa kalamu ya wino wa chupa kwenye karatasi zisizoshonwa. Mwandiko ule ungeweza kufundishia watoto. Niliufurahia kabla sijajua kwamba wino ule ungenitoa jasho.

"Daktari amesema kichwa yangu imeanza kuvuja," aliniambia, bila kujihurumia. "Leo nasahau jina ya jirani, kesho nitasahau ya mtoto. Kwa hivyo nimeandika kila kitu mapema."

Nikamuuliza kama ana nakala nyingine.

"Nakala si ndio nimekuja unifanyie?"

Aliiita riwaya na alikuwa amebadilisha majina, lakini mama wa ndani ya kitabu alikuwa mama yake mzazi, aliyekufa zamani. Mwalimu hakunificha. Aliweka kidole juu ya rundo akasema, "Ukifika sura ya kumi na moja, enda pole pole. Hapo ndio mama ananifundisha kibuyu. Maneno yake iko hapo yote, vile alisema. Sina mahali pengine nimeyaweka."

Kama hamjui habari ya kibuyu, ni hivi. Wakalenjin hulaza maziwa yao ndani ya kibuyu mpaka yagande, yawe mursik. Kabla ya kumimina maziwa, mama huchoma kijiti cha mti fulani, akasugua kaa lake ndani ya kibuyu mpaka kuta zote ziwe nyeusi. Mti huo ndio unaotia ladha, na ndio unaofanya maziwa yakae siku nyingi. Kila nyumba ina mti wake na kila nyumba inajua kwamba wenzao wamekosea.

Mwalimu aliniletea kibuyu kila Alhamisi alipokuja kuangalia kazi imefika wapi. Mimi ni Mkikuyu, nimekulia maziwa ya chai, na kikombe cha kwanza nilikunywa kwa adabu tu. Cha pili nilikunywa kwa uroho. Yalikuwa mazito, machungu kidogo mwishoni, yenye rangi ya majivu na baridi ya nyumba ya udongo. Nilianza kuingojea Alhamisi kuanzia Jumatatu.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unataka kwenda kuangalia viazi.

Ilikuwa Alhamisi ya jua kali. Asubuhi nilikuwa nimemaliza sura ya kumi, nikaweka karatasi za sura ya kumi na moja juu ya rundo, tayari kuanza. Mwalimu akapita, akaacha kibuyu, akaenda hospitalini. Nilikunywa nusu kikombe palepale mezani, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote za shamba, nikakiegemeza kibuyu juu ya meza, dirishani, juani, shubiri mbili kutoka kwenye hizo karatasi. Nilitaka kiwe karibu. Halafu nikashuka kununua wino wa mashine.

Maziwa ya kibuyu bado yanafanya kazi ndani kwa ndani. Ukiyafungia na kuyachoma jua, yanavimba. Mtoto yeyote wa Rongai anajua hilo. Niliporudi kifuniko kilikuwa sakafuni, kibuyu kimelala ubavu juu ya meza, na sura ya kumi na moja ilikuwa inaogelea.

Nilizianika karatasi kwenye uzi kwa vibanio, nikawasha feni, nikakaa chini yake kama mtu anayeombea mgonjwa. Zilikauka zikiwa za kijivu. Wino wa chupa ulikuwa umekimbia wote. Hapa na pale niliona "mama akasema", na baada ya hapo bahari. Na kwa sababu nilikuwa mtiifu kwa Madam Teresia, sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Mtu mwingine yeyote angekuwa amechungulia. Siku hizi mngepiga picha kwa simu kila ukurasa kabla ya kuugusa, na nawasihi mfanye hivyo hata kwa barua ya kuomba ruhusa.

Nilipanga kumwambia Alhamisi iliyofuata. Alikuja, akanisimulia habari ya mbuzi aliyeingia kanisani, akamaliza, akanisimulia tena mbuzi yuleyule tangu mwanzo. Kisha akanishika mkono.

"Imefika sura gani, Madam?"

"Ya kumi na mbili," nikasema.

Hivyo tu. Sikupanga. Neno lilitoka na mimi nikabaki nalitazama. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nikisikia hatua kwenye ngazi, nageukia kazi ya mteja mwingine. Nilifikiria kumwomba aandike upya, lakini ningemwomba vipi mtu asiyemkumbuka mbuzi wa dakika tano zilizopita? Na kama angejaribu akakuta mama yake hayumo tena kichwani, nani angekuwa amemwonyesha hilo? Mimi. Nilijiambia namwonea huruma. Ukweli ni kwamba nilijiogopea mimi.

Nilikwenda sokoni kwa mama mmoja wa Kuresoi anayeuza mursik, nikamuuliza kibuyu kinatengenezwaje.

"Ni senetwet tu," akasema. "Ile mti ya maua ya manjano. Unachoma, unasugua, basi. Kwani unaolewa?"

Nikamwambia ni ya kazi. Nikarudi ofisini, na kwa alasiri tatu nikaandika sura ya kumi na moja. Nawaambieni jambo ambalo sijamwambia mtu: nilifurahia. Akili yangu, ambayo kwa miaka yote ile ilikuwa imetumwa kunywa chai, ilirudi ikakaa kitini. Nilimpa yule mama sauti ya mama yangu mwenyewe, ile ya kugomba na kucheka papo hapo. Nilimfanya amwambie binti yake asiogope kaa la moto, aogope mkono mvivu. Niliiandika senetwet kama niliyekulia chini yake. Nilipomaliza nilisoma tena na tena, nikaona ni nzuri, nikaona haya, nikasoma tena.

Siku Mwalimu alipokuja kuchukua kazi yake, aliomba aone hiyo sura kwanza. Alisoma akifuatisha kwa kidole, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa napanga vibanio ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Niliona kidole kimesimama. Nikajua amefika kwenye mti.

"Senetwet," akasema taratibu.

Niliendelea kupanga vibanio.

"Unajua hii nilikuwa nimesahau kabisa?" Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. "Eeh. Senetwet. Mama alikuwa anaikata pale chini kwa mto, mimi namshikia panga."

Mto sikuuandika. Wala panga. Alikuwa ameshaanza kuyakumbuka mambo ambayo hayakuwepo, na aliyeufungua mlango huo ni mimi. Ilikuwa saa ya kusema, na kulikuwa na muda wa kutosha. Nikambania kitabu chake ubavuni, nikamfungia kwenye karatasi ya kaki.

Jamaa zake walifanya sherehe ya kitabu nyumbani Rongai, na mimi nikaalikwa kama mgeni wa heshima. Kulikuwa na hema, mbuzi wawili, ugali wa wimbi, mboga ya kunde iliyolazwa kwenye maziwa, na vibuyu vimesimama kwenye kivuli. Kila kitu kilitoka hatua chache kutoka hapo tulipokaa, na katika siku nyingine ningekula mpaka nisahau kwetu. Walinivisha leso, wakanipa paja la kuku. Kisha mpwa wake mmoja, Jepkemoi, akasimama na kutangaza kwamba atasoma sura ambayo shangazi anaipenda kuliko zote.

Alisoma vizuri mno. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Na aliposoma habari ya senetwet, bibi mmoja aliyekaa mbele aliinua fimbo. Alikuwa Kogo Taprandich, dada mkubwa wa Mwalimu, mkubwa kwa miaka mingi, aliyekuwa tayari msichana wa kubeba maji wakati Mwalimu anazaliwa. Wote walimwita Kogo, yaani nyanya.

"Hapana," akasema. "Hiyo si ya mama. Mama alikuwa anachoma mzeituni ya porini. Senetwet alikuwa anakataa, anasema ni uchungu. Mimi ndio nilikuwa natumwa kukata."

Jepkemoi akageuza kitabu kumwonyesha. "Lakini Kogo, imeandikwa. Si ona?"

Hema likacheka, kicheko cha upendo, kile tunachowachekea wazee. Mwalimu akainama akamshika dada yake goti. "Umechoka, dada. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Ndio maana niliandika."

Kogo aliutazama ule ukurasa ambao hakuweza kuusoma. Akatazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine, akitafuta mtu wa rika lake, na hakukuwa na hata mmoja. Macho yake yalipita kwangu. Nilikuwa na kuku mdomoni. Nikatafuna. Akaishusha fimbo.

Nimepiga kazi nyingi baada ya hiyo, na zote nimezisoma, kila neno, kwanza kabla sijapiga. Ndiyo sababu mlikuwa mkiniona mzito, na mlinitania kwa hilo. Mwalimu alifariki akiwa hamtambui mtu, lakini niliambiwa kwamba ukimtajia senetwet alikuwa anacheka na kuonyesha upande wa mto. Sijui kama hilo linanipunguzia au linaniongezea.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Rongai, nyumbani kwa Mwalimu. Nilikuwa nimejifunga kibwebwe, nimekariri maneno yangu tangu nyumbani. Langoni nilikuta kichaka kizuri chenye maua ya manjano, kimefyekewa na kuwekewa samadi. Kogo Taprandich alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, kibuyu katikati ya magoti, kijiti kinafuka moshi mkononi. Amezeeka sana, lakini alinitambua.

"Mama wa kitabu," akasema. "Kaa. Nilikuwa nimekosea siku ile, unajua? Watoto wakanisomea tena na tena mpaka ikarudi. Senetwet." Akaniinulia kile kijiti nikione.

Nikakaa chini, kwenye nyasi. Nikamwambia yote: jua, kibuyu, karatasi, mama wa Kuresoi, alasiri zangu tatu. Nikamwambia ile sura haikuwa ya Mwalimu wala ya mama yao, ilikuwa yangu, na kwamba siku ile ndani ya hema aliyesema kweli alikuwa yeye peke yake.

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Ningefurahi kufukuzwa. Yeye alikizima kijiti kwenye nyasi, kisha akaniuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtu njia.

"Sasa mama alikuwa anatumia gani?"

"Mzeituni wa porini, Kogo. Wewe mwenyewe ulisema. Ulisema ulikuwa unatumwa kukata."

Akakiokota kile kijiti, akakigeuza vidoleni.

"Mimi nilisema?"